Mtoto Chini ya Meza

Shoga, fundi viatu wa jirani na meza yangu aliwahi kuniambia moshi wa magari unalala chini, nikauona uvumi tu. Leo nimempeleka mwanangu hospitali, kifua kinamlia.

Daktari kaniuliza, "Nani anavuta sigara nyumbani?" Nikasema hakuna, mimi nauza matunda tu kando ya barabara.

"Ukiuza matunda barabarani, mtoto unamweka wapi?"

Nikamwambia chini ya meza, kwenye kivuli.

"Mama, hapo ndipo ekzosi za magari zinapopumulia."

Chini ya meza, shoga. Nilimtandikia mwenyewe.

Wamemlaza, ana mpira wa oksijeni puani. Hata kulia silii.

Wewe na mtoto wako:
Usimlaze chini kando ya barabara.
Usikae pale kwenye taa magari yanaposimama.
Usimfunike kanga ukadhani moshi haupiti.
Usifurahi akilala sana. Wangu alilala sana, nikamsifu mtulivu.