Mvua ya Majivu Haitakaa Mkiani

Jumapili, 25 Agosti 2019

Leo nimesema hapana mbele ya watu kumi na tisa. Mimi! Hata sijui maneno yaliniponyokaje.

Tulikutana uani kwa Pak Darmaji, mwenyekiti wetu, kama kila mwaka. Sisi ni Watu wa Zizi, kwa sababu bendi tunayoishabikia ni Farasi wa Shaba. Kila mwaka tunazipanga albamu zao saba, tunabishana, tunakula, tunarudi makwetu. Lakini mwaka huu si mchezo. Bendi inatimiza miaka thelathini. Tarehe 12 Oktoba watapiga hapa hapa mjini Malang walikoanzia, na wametuma ujumbe: albamu tatu za juu kwenye orodha ya Zizi ndizo zitakazopigwa, na kila aliyezitengeneza ataitwa jukwaani. Hata aliyeachana nao.

Sasa, orodha yetu haipigiwi kura. Tunazungumza mpaka wote turidhike. Mmoja akiwa bado, orodha haifungwi.

Ya kwanza Kwato, hiyo haina ubishi. Ya pili Reli Mbili — ubishi wa saa nzima, eti ina gitaa tamu kuliko Kwato ila ngoma zake zimepoa. Ya tatu Chuma cha Kwanza, ingawa Bu Pudji anasema ile ni kelele za vijana waliopewa spika kubwa. Na mkiani Mvua ya Majivu. Kama kawaida. Hakuna hata aliyeinua kichwa kutoka kwenye sahani. Cak Gimin, yule muuza supu ya bakso, akabana pua akaimba kiitikio cha wimbo wa tatu wa albamu hiyo kwa sauti ya bata. Anafanya hivyo kila mwaka. Watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

Pak Darmaji akauliza kwa upole wake, "Tumekubaliana?"

"Mimi bado," nikasema.

Halafu nikasema nataka Mvua ya Majivu iingie tatu bora. Walidhani natania. Cak Gimin akaniuliza nimeweka nini kwenye unga wa tempe, vile vipande vya soya ninavyokaanga kuuza. Sikucheka. Orodha haikufungwa. Tutakutana tena Jumapili ijayo.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimekaanga tempe tangu asubuhi na kichwa hakipo. Nimeunguza sufuria mbili.

Niandike tu. Humu hakuna anayesoma.

Mwaka 1998, mwaka wa krismon, ule msukosuko wa fedha, mchele ulipanda kila wiki na kaseti halisi hakuna aliyeweza kununua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi kwenye duka la kaseti pale sokoni Pasar Besar. Kazi yangu kunakili. Kaseti moja halisi, deki mbili, unabonyeza, unasubiri. Mvua ya Majivu ilipotoka watu walipanga foleni. Mwimbaji wa bendi alikuwa mgonjwa wa koo, kwa hiyo Mas Sungkono, mpiga gitaa, aliziandika nyimbo zote na kuziimba mwenyewe. Mji mzima ulitaka kumsikia.

Deki ya kurekodia ilikuwa na mpira wa mota uliolegea. Ilizunguka polepole. Pale dukani, ukiipiga nakala kwenye deki ileile, kila kitu sawa. Lakini ukienda nayo nyumbani kwenye redio nzima, inakimbia! Ngoma zinakimbia, gitaa linakimbia, na sauti ya mwanamume inakuwa nyembamba — ya bata.

Niligundua siku ya nne. Nyumbani, kwenye redio ya mama. Nilijua palepale. Na siku ya tano nikaenda kazini nikaendelea kunakili. Foleni ilikuwa ndefu, na nilijua nikisema nimeharibu kaseti mia na zaidi nitafukuzwa, na mwaka ule ukifukuzwa kazi hupati nyingine. Nikanyamaza. Mpira ulibadilishwa wiki ya pili, foleni ya Mvua ya Majivu ikiwa imeshakwisha, baada ya wateja wa muziki wa dangdut kuja juu. Wa rock hawakulalamika hata mmoja. Walidhani ndivyo bendi ilivyotaka!

Kampuni iliyotoa albamu ilikufa mwaka huohuo. Kaseti halisi zinahesabika. Hata ile iliyoko mtandaoni iliwekwa na mtoto wa Cak Gimin kutoka kwenye kaseti ya baba yake. Niliyoinakili mimi.

Mas Sungkono aliacha bendi miezi mitatu baadaye. Hajashika gitaa tena, wanasema.

Na mimi nimekuwa nikicheka na wenzangu miaka ishirini na moja.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimeipata kaseti halisi! Bosi, Mungu amrehemu, alinipa duka lilipofungwa. Ilikuwa ndani ya bati la biskuti pamoja na vyeti vya chanjo vya watoto. Ukungu kidogo kwenye utepe. Nimeusafisha kwa pamba, taratibu, nusu siku.

Nimeipiga. Yaani! Ni sauti nzito, ya chini, ya mtu aliyechoka lakini hajakata tamaa. Wimbo wa tatu ule wanaoucheka — nililia jikoni, sioni haya kusema.

Mume wangu alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni nani. Nikamwambia, nikamwambia na mengine yote. Akakaa. Akasema nisiende kujivua nguo mbele za watu kwa jambo la zamani namna hii, nani atakuja kudai? Nikamwambia mdai yupo, hajui tu kwamba anadai. Akaenda kulisha kuku.

Haiwezi kukaa mkiani. Haitakaa.

Jumapili, 1 Septemba

Kikao cha pili. Nimeshindwa kusema. Mwoga mimi.

Nilikuwa na kaseti mkobani. Nikaanza kwa mbali, nikasema tusikilize upya maneno yake, ule ubeti wa mama anayefagia majivu ya volkano uani huku mengine yanaanguka nyuma yake. Bu Pudji akakubali maneno ni mazuri. Mwingine akasema maneno mazuri yapo hata kwenye kadi za harusi. Wakasema albamu nzima inapigwa na watu wanaokimbilia treni. Nikasema labda haikupigwa hivyo. Pak Darmaji akauliza, basi ilipigwaje, Mbak Wur?

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nikakodoa macho tu.

Cak Gimin akasema nimependa bata uzeeni. Wengine wakaanza kutazama saa. Tena Pak Darmaji akauliza kama tumekubaliana, tena nikasema bado, na safari hii hakuna aliyecheka. Niliona wameanza kunichoka. Mama mmoja aliyekuwa akiniita dada amevaa viatu bila kuniaga.

Jumanne, 3 Septemba

Pak Darmaji na mkewe wamekuja nyumbani na mkungu wa ndizi. Nikajua.

Saa nzima tumezungumza habari za mvua, magoti ya mkewe, bei ya soya. Chai imenywewa. Hakuna aliyetaja orodha. Ndivyo ilivyo kwetu, mtu akija na ndizi jambo lenyewe linasemwa akiwa ameshavaa kiatu kimoja. Na kweli, akiwa mlangoni, akainama kuvaa, akasema bila kuniangalia kwamba bendi inasubiri orodha tarehe kumi na tano, na kwamba Zizi halijawahi kushindwa kukubaliana tangu lianze. Kwamba ni vibaya kama mwaka huu ndio utakuwa wa kwanza. Kwamba yeye hanilazimishi.

Hanilazimishi! Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nikamwambia, nipe mpaka Jumapili, Pak. Akaitikia kwa kichwa. Mkewe akanishika mkono kwa muda mrefu.

Ndizi ni tamu kweli. Nimekula tatu kwa hasira.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimekwenda mji wa Kepanjen kumtafuta Mas Sungkono.

Ana kibanda cha kutengeneza pampu za maji. Nywele zimekuwa nyeupe, mikono ina grisi. Nilibeba pampu yetu ya zamani niwe na sababu. Akaifungua. Nikamwambia mimi ni mtu wa Zizi. Akatabasamu kwa adabu akaendelea na spana.

Nikauliza kwa nini aliacha. Nilidhani hatajibu. Alijibu kama mtu anayesimulia habari za jirani yake. Kwamba kampuni ilikufa kabla haijampa hata kaseti moja. Kwamba kule studio aliisikia sauti yake ni nzuri, akadhani anajua kuimba. Halafu siku moja alipita Pasar Besar, akasikia kaseti ya kwake kwenye genge la viatu, na watu wamezunguka wanacheka.

"Nikasimama nikasikiliza wimbo mzima," akasema. "Kumbe ndivyo ninavyosikika. Studio walikuwa wananibembeleza tu. Mashine haina sababu ya kumdanganya mtu, Mbak."

Nilikuwa na kaseti kwenye mkoba. Hapa, mapajani! Mkono ukaingia mpaka nikaigusa. Nikaona spana imetulia mkononi mwake, pampu yangu imefunguliwa, uso wake hauna kinyongo na mtu yeyote — na nikashindwa. Alinilipisha nusu bei kwa kuwa ni mtu wa Zizi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najitukana. Nilidhani nimeharibu albamu. Sikuharibu albamu. Nilimfanya mtu aichukie sauti yake mwenyewe.

Imetosha. Kama siwezi kumwambia yeye peke yake, nitawaambia wote, ili nisipate pa kurudi nyuma.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeazima deki nzuri kwa binamu wa mume wangu. Nimepima kasi kwa saa ya ukutani, upande wa kwanza dakika ishirini na tatu kamili, kama ilivyoandikwa kwenye jalada. Kaseti ya Cak Gimin, ile ya mtandaoni, upande huohuo ni dakika ishirini na nusu. Nimeandika kwenye karatasi. Wakitaka ushahidi, huu hapa.

Mume wangu amesema atanibebea deki. Hakusema kingine. Nimeshukuru.

Jumapili, 8 Septemba, asubuhi

Sijala. Nimevaa batiki ya bluu. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga.

Jumapili hiyohiyo, alasiri, jikoni kwa Pak Darmaji

Naandikia nyuma ya ile karatasi ya dakika. Nitainakili baadaye.

Nimeipiga. Sikutangulia kusema lolote, nilisema tu wasikilize wimbo wa tatu. Sauti ilipoingia Bu Pudji akaweka kikombe chini. Cak Gimin alikuwa ameshabana pua tayari kwa mzaha wake. Mkono ukabaki puani, kisha ukashuka polepole. Wimbo ukaisha, hakuna aliyesema zima. Wakasikiliza wa nne. Wakasikiliza upande mzima.

Mtu akauliza ni nani aliyeirekodi upya. Nikasema hii ndiyo yenyewe, ile yenu ndiyo isiyo yenyewe. Nikaeleza. Deki, mpira, siku ya nne, siku ya tano. Yote. Sikujitetea kwa krismon, nilitaja mwaka tu.

Nilitegemea makelele. Cak Gimin alikuwa anatazama miguu yake.

"Miaka ishirini na moja nimemwigiza mtu wa watu kwa sauti ya bata," akasema. "Na harusini kwa binti yangu nilimwigiza. Mbele ya ukumbi mzima."

Na Pak Darmaji, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hakupandisha hata leo:

"Na wewe ulikuwa unacheka nasi, Mbak Wur."

Ndiyo, Pak. Nilikuwa nacheka nanyi. Nilijibu hivyohivyo.

Halafu nikawasimulia habari za Kepanjen, genge la viatu, na alivyosema kuhusu mashine. Pak Darmaji akaniomba namba iliyo kwenye risiti ya pampu. Akapiga simu, akamsalimia, akamwomba asikilize kitu. Akaweka simu mbele ya spika. Wimbo wa tatu tena. Sote tumeinama juu ya simu ile.

Dakika nne. Wimbo ukaisha, ndipo akauliza, taratibu kabisa:

"Huyo anayeimba ni nani?"

Watu wote walinitazama mimi. Pak Darmaji akasema, njoo, Mas, upo mtu atakayekueleza. Simu ikakatwa.

Hiyo ilikuwa kama saa moja iliyopita. Orodha haijafungwa. Mvua ya Majivu wameiweka ya tatu bila ubishi, Bu Pudji anataka hata ya pili, lakini Pak Darmaji alipouliza kama tumekubaliana Cak Gimin akasema yeye bado. Anasema hatakubali mpaka mwenye sauti aseme kama anaitaka hiyo nafasi kutoka kwetu. Wengine wakasema nao bado. Wote bado! Mimi wakaniambia nikapumzike jikoni. Mke wa Pak Darmaji ameniletea maji, hakukaa.

Sijutii. Naogopa, lakini sijutii. Akinitukana nitasimama nitukanwe. Akiondoka bila neno nitamfuata mpaka Kepanjen, kila Ijumaa, mpaka aichukue kaseti yake.

Pikipiki imeingia uani. Nasikia wanamkaribisha, nasikia viti vinasogezwa. Nimechungulia dirishani. Amesimama kando ya pikipiki, helmeti bado kichwani, na anauliza swali lilelile aliloliuliza kwenye simu.

Pak Darmaji ananyoosha mkono kuelekea jikoni. Natoka.