Pazia la Gari Jipya

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Wale wakubwa wa kiwandani wamekuja leo kuamua kama gari lao jipya la kifahari lijengewe duka lake peke yake. Bosi wetu, si unamjua, kaapa hakuna haja. Kagawa duka letu kwa pazia. Pazia la kijani. Huku pikapu, kule gari la kifahari.

Akaingia mteja wa kwanza, mama mtu mzima, ana hela zake. Akaliona pazia. Akavua miwani, akashusha sauti: "Poleni jamani. Nani kalazwa?"

Nani kalazwa. Mbele ya wageni.

Nimejifungia chooni, nacheka mpaka mbavu zinauma. Maana bosi kwa kuchanganyikiwa alimjibu: "Anaendelea vizuri, mama."