Nimempiga Mkwe kwa Ajili ya Spika

Ndugu yangu, nimempiga mkwe wangu. Nimempiga fimbo ya kichwa mchana kweupe, mbele ya binti yangu.

Ni zile spika ndefu za kusimama chini. Alileta jozi mbili nyumbani kwao tuchague, moja ina sabufa ndani, ile ya kukuza besi, nyingine haina. Nikamwambia sabufa inavuruga maneno, na mimi nitazitofautisha hata nikiwa nimegeukia ukuta.

Nikageuka, akawasha. Nikasema, "Hiyo haina."

Akacheka. Akacheka, ndugu yangu! "Baba, hiyo ndiyo yenye sabufa! Masikio yameshastaafu, twende ukapimwe."

Nikaipiga spika teke, ikamwangukia mguuni. Akanikunja shati. Nikamtwanga fimbo, naye akanisukuma nikajigonga mdomo kwenye meza. Damu yake, damu yangu, shati zima. Binti yangu anapiga kelele, "Baba, toka kwangu! Toka!" Mimi, niliyemsomesha!

Sasa nimekaa kituo cha basi, jino limelegea.

Nakuambia wewe peke yako. Mwaka mzima huu besi naisikia kwa nyayo tu, nikivua viatu. Leo walikuwa wametandika zulia.