Mzee Anaandika "Mwanga" Bila Kuuona

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyohivyo, maana leo nimekuja kwako nikiwa nimeishiwa akili. Naomba msaada, na tafadhali usinicheke, kwa sababu swali lenyewe ukilisikia utadhani nimekosea gazeti: bunduki ambayo haijafyatuliwa isafishwe mara ngapi kwa wiki, na isafishwe mpaka kiasi gani?

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ulinzi wa silaha katika kampuni inayolinda viwanda na maghala ya watu, na huu ni mwaka wa tatu niko msaidizi wa ghala la silaha, chumba kimoja nyuma ya ofisi chenye dirisha la nondo, meza iliyopigiliwa bati juu na bunduki tisa zilizolazwa kwenye rafu ya mbao, na mwenye ghala ni mzee mmoja tunayemwita Mzee Flana, kwa sababu flana zake zikichakaa huzikata vipande vya kufutia mitutu, na mkewe anasema nyingine hazikuwa zimechakaa.

Huyu mzee, mshauri, ndiye aliyeniingiza ghalani siku ambayo wenzangu walisema mwanamke akipewa bunduki ataisugua kwa sabuni na majivu kama sufuria, naye akawajibu kwamba angalau huyu atasugua, ninyi hata sufuria hamjui linasuguliwa upande gani, na tangu siku hiyo akanifundisha kila kitu kama baba anavyomfundisha mwanawe, toa magazini kwanza, yaani kibebeo cha risasi, vuta chemba baadaye, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha tazama kwa jicho, kisha gusa kwa kidole, na akanifundisha kwamba kwenye kitabu chetu hatuandiki "safi" kwa sababu safi ni maneno ya mdomoni, tunaandika "mwanga", maana yake mkaguzi ameifungua bunduki, ameelekeza mtutu dirishani, amechungulia, na ameona mwanga unapita mwanzo hadi mwisho bila vumbi wala kutu, halafu ndipo anatia sahihi.

Sasa tangu mwaka huu uanze nimeona macho ya mzee hayako sawa, anasogeza kitabu usoni utadhani anakinusa, kitambaa kinatoka mtutuni kijivu yeye anasema "binti, ona kilivyo cheupe", na siku moja nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe na kuendelea kumimina, basi nikaona nisimwaibishe, nikaanza kubaki nyuma akishaondoka saa kumi, nikafunga mlango na kuzisafisha upya zote tisa, brashi, kitambaa, mafuta, kitambaa tena, kila siku ninayokuwa kazini, na nikimaliza napanga kila kitu kama alivyokiacha ili asubuhi asijue kama kuna mkono mwingine umepita.

Nyumbani nako kumeanza kuwaka moto, kwa sababu mume wangu ni fundi wa majokofu na harufu ya mafuta ya mashine anaijua kuliko manukato, akaniuliza ni fundi gani huyo ninayekaa naye jioni mpaka kucha zangu zinakuwa nyeusi, nikamwambia ni kazi za ziada, akasema, "Kazi za ziada zina karatasi, lete karatasi," nami karatasi sikuwa nayo, na tangu hapo tunakula meza moja kama abiria wasiojuana.

Hayo yote ningeyavumilia, mshauri, ila kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Wiki tatu zilizopita nilipumzika Jumamosi na Jumapili, nikarudi Jumatatu, na jioni mzee alipoondoka nikaichukua namba saba, nikavuta chemba, na risasi nzima ikaruka ikaanguka mezani juu ya bati. Nikaiangalia chemba tena, sasa ilikuwa tupu. Nikajua hapohapo kilichotokea, kwamba silaha iliporudi kutoka lindo Jumamosi mzee alivuta chemba kabla hajatoa magazini, risasi ikapanda, kisha ndipo akatoa magazini akaona kazi imekwisha, yaani alikosea mpangilio uleule alionifundisha mwenyewe, nikafungua kitabu nikakuta ameandika siku zote tatu, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, "namba saba, mwanga", na risasi zimehesabiwa kamili. Mtutu wa namba saba ukiwa kwenye rafu unaelekea ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta huo ndipo mama wa chai anapooshea vikombe.

Nikaifuta ile risasi, nikairudisha kwenye kasha lake, nikafunga, nikaenda nyumbani. Kesho yake mzee akanipokea kwa furaha, akaniambia, "Mwanangu, umeiona namba saba inavyong'aa? Ile nimeishughulikia mwenyewe." Nikamwambia ndiyo baba, nimeiona. Nilikwenda chooni nikalia.

Amebakiza miezi saba astaafu. Nikisema, atatoka kwa aibu baada ya miaka ishirini na sita, na aliyenishika mkono nitakuwa nimemsukuma mimi. Ndiyo maana nauliza, je, nikiendelea kuzisafisha kila siku baada yake mpaka astaafu, si hakutakuwa na neno? Au bunduki inaharibika ikisuguliwa sana? Najua ajali haina kinga, lakini mimi najitahidi. Nijibu haraka, sipati usingizi.

Ni mimi, msaidizi wake, mwenye kucha nyeusi.

*

Marahaba, mwanangu. Umri nimekuzidi, tena kwa mbali, kwa hiyo shikamoo yako haikupotea.

Nianze na ulichoniuliza, maana hukuniandikia ili nikukwepe. Mimi silaha niliyowahi kushika ni mwiko, basi nikavuka uzio kwenda kwa jirani yangu, fundi bunduki mstaafu, mtu anayependa kuulizwa kuliko kusalimiwa. Anasema hivi: bunduki iliyofyatuliwa isafishwe siku hiyohiyo, kabla hata ya kula. Isiyofyatuliwa ikirudi kutoka lindo ifutwe vumbi na jasho la mikono, na mara moja kwa wiki mtutu upitishwe kitambaa. Ikinyeshewa, isafishwe hata kama ilisafishwa asubuhi. Mafuta yawe membamba, kitambaa kipite na kiondoke, kwa sababu mafuta mengi yanakusanya vumbi, "bunduki siyo chapati," ndivyo alivyosema. Na hiyo brashi unayoisukuma kila jioni kwenye mtutu ambao haujatoa risasi mwaka mzima, iache. Unaumaliza mtutu bure.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo: bunduki zako ni safi kupita kiasi. Umepata, asante kwa kuuliza. Sasa tuzungumze.

Nilipomsomea jirani pale penye namba saba, alikiweka kikombe chini. Akaniuliza, "Aliandika mwanga na risasi iko chemba?" Nikasema ndivyo barua inavyosema. Akasema risasi ikiwa chemba mtutu umezibwa, mwanga haupiti hata kwa mtu mwenye macho ya mwewe. Kwa hiyo mzee wako hakuchungulia akakosea. Hakuchungulia kabisa, siku tatu mfululizo. Na kidole nacho, ambacho hakihitaji miwani, hakukitumia. Nadhani najua sababu, na wewe pia unaijua: mwenye ghala akianza kupapasa mbele ya walinzi, kila mtu ataelewa. Anaona heri aandike.

Namhurumia, nisikufiche. Miaka ishirini na sita ya kazi safi, halafu dunia inaanza kuwa ukungu taratibu na huna wa kumwambia. Huenda ni mtoto wa jicho, jambo ambalo hospitali wanalitoa kila siku. Huenda ni zaidi ya macho, maana kusahau magazini kwanza siyo kosa la macho. Mimi sijui, wewe hujui, na yeye hajui kwa sababu hajapimwa. Hajapimwa kwa sababu kila asubuhi anakuta bunduki zinang'aa na anajiambia, kumbe bado niko vizuri. Hapo ndipo nakugombeza, mama wa watoto wawili. Unadhani umemficha mzee kwa watu, kumbe umemficha yeye kwa yeye mwenyewe.

Na ile risasi uliyoirudisha kwenye kasha kimyakimya, hilo lilikuwa kosa lako, siyo lake. Kitabu kina uongo wa mzee asiyeona, na sasa kina ukimya wa msaidizi anayeona vizuri sana. Ukiniuliza upi mzito, nitakwambia.

Unasema utasafisha kila siku mpaka astaafu. Kila siku ipi? Jumamosi na Jumapili ulikuwa nyumbani. Ukiugua malaria? Mtoto akiitwa shule? Usiniambie ajali haina kinga. Hii ina kinga, na unaijua kwa jina na kwa namba. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kwenye kisa chako kilio kitatoka nyuma ya ule ukuta wa mbao, kwa mwanamke ambaye hana habari na ghala lenu, anaosha vikombe tu.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na ufanye kesho, usingoje Jumatatu.

Fika mapema. Kabla ya salamu ndefu, geuza ile rafu, mitutu itazame ukuta wa mawe au popote pasipo na mtu. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu wala aibu ya mtu. Kisha mzee akiingia, mkalishe, usimpe bunduki achungulie, usimwekee mtego, yeye siyo mwanafunzi. Mwambie kwa maneno machache: "Baba, Jumatatu ile nilikuta risasi chemba, namba saba. Nikaificha. Nimekosa." Anza na kosa lako, apate mahali pa kuweka lake. Atakasirika. Atakwambia, "Wewe nilikutoa jalalani." Mwache aseme, ni haki yake. Usibishane naye kuhusu macho. Mwambie tu kwamba leo, kabla zamu haijabadilika, mnakwenda wote wawili kwa mkuu wenu, na ungependa aseme yeye mwenyewe, kwamba anahitaji kupimwa macho na kwamba ghala asilishike mpaka apimwe. Mtu akijisema, watu humpisha. Akisemwa, watu humcheka.

Akikataa, nenda peke yako, siku hiyohiyo. Ukiwa na woga, sawa, lakini uende. Unaweza kuadhibiwa kwa ile risasi. Jirani yangu anasema ndiyo, wanaweza kukupa barua ya onyo au zaidi, sitakudanganya. Ipokee. Barua ya onyo inakaa kwenye faili, haikai kifuani.

Mume wako mwambie leo, kabla hujalala. Mwonyeshe kucha, mwambie habari yote kuanzia flana mpaka namba saba. Amekuomba karatasi, mpe hii ya gazeti. Mtu anayetengeneza majokofu anaelewa mara moja kwamba mashine haiponi kwa kufutwa nje, na ukimpa nafasi huenda akakushangaza akakusindikiza mpaka getini.

Mwisho kuhusu ufunguo wa ghala, kama mkuu ataamua uushike wewe. Usiuchukue mezani, na usikubali mkuu akukabidhi yeye. Muombe mzee akupe kwa mkono wake, mbele ya watu, na wewe upokee kwa mikono miwili. Kisha walinzi wapya waletewe yeye, akae kwenye kiti, awafundishe magazini kwanza, chemba baadaye, kama alivyokufundisha wewe, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Atafundisha vizuri, sina shaka, na siku nyingine akizoea atakuomba umwazime ufunguo mara moja tu, ashike namba saba kidogo kwa ajili ya zamani. Mpe kiti, mpe chai, mpe flana mpya. Ufunguo usimpe.