Maji ya Vuguvugu kwa Halima

Jumanne, Julai. Baridi imekaza. Asubuhi mawingu yalishuka mpaka vilima vya Iveti vikapotea, na sasa Magharibi imeshapita bila jua kuonekana. Naandika nikiwa nimejifunika shuka mabegani. Nikisema ni baridi peke yake nitakuwa nadanganya.

Leo nimeosha maiti.

Wanaonijua kwa kazi yangu watashtuka. Mimi napamba maharusi hapa mjini: hina, nywele, nguo, viti vya dhahabu vya kukalia. Nimepata karibu kila nilichokuwa nikikililia. Saluni yenye vioo ukuta mzima. Gari. Sebule ambayo wageni wanaogopa kuikanyaga. Na kila nilipopata kimoja, raha yake ilikaa siku chache ikaondoka, nikaanza kutafuta kingine. Simwambii mtu haya. Ataniona sina shukrani.

Juzi baada ya darsa letu la dini, Bi Rukia, ambaye ndiye huwaosha wanawake wetu wanapofariki, alisema mgongo umemchosha, anatafuta wa kumfundisha. Sote tukainamisha macho kwenye mkeka. Kisha nikaona mkono umeinuka, na ulikuwa wangu.

Mimi! Mimi ambaye hata kwenye msiba hukaa karibu na mlango.

Labda nilikuwa nimechoka kutafuta furaha madukani. Nilitaka, angalau mara moja, nifanye jambo kwa ajili ya Mungu tu, lisilo na wa kunilipa wala wa kunipiga picha.

Mume wangu aliposikia alinitazama mikono. "Na ndiyo hiyo itatupikia?" Alicheka, lakini chakula chake kilibaki nusu sahanini.

Leo asubuhi Bi Rukia akapiga simu. "Mama Shamsa, kuna mazishi baada ya Adhuhuri. Njoo sasa hivi, kabla hujaanza kufikiria."

Marehemu alikuwa Halima, fundi wa kushona sare za shule, wa rika langu. Alisilimu akiwa mtu mzima, na kwao ni yeye peke yake Mwislamu. Mama yake mzazi alikuwa ameshafika kutoka Kathiani, kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani, amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kuoshea.

Nilifika mlangoni. Harufu ya kafuri ikanipiga, nikaona miguu miwili imetokeza chini ya shuka. Nikamwambia Bi Rukia nimesahau kitu garini.

Sikuwa nimesahau chochote. Nilikuwa natoroka.

Nilikuwa nimeshashika mlango wa gari yule mama aliponifuata. "Ni wewe utamuosha?"

Nikauachia mlango wa gari.

"Mimi nimejaribu kuingia, imenishinda," akasema. "Mwiitu wakwa, nakuomba kitu moja tu. Maji isikuwe baridi. Mutheu anachukia maji baridi tangu akiwa mtoto. Nilikuwa nampashia kwa sufuria."

Mutheu ndilo jina alilompa alipomzaa. Na mimi aliniita binti yake, kwa Kikamba, bila hata kunijua.

Nikarudi ndani. Nikawasha jiko, nikapasha maji, nikachovya kiwiko nione kama ni ya vuguvugu, kama nilivyofanya Shamsa alipokuwa mchanga.

Sitasema woga uliisha. Tulipomgeuza ubavu, sauti ilimtoka kooni, nami nikapiga kelele. Bi Rukia akanishika kifundo cha mkono. "Ni hewa. Endelea, mwanangu." Nikaendelea huku machozi yananidondoka. Upande wa kulia, upande wa kushoto, shuka likimsitiri muda wote. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kwa kuchomwa na sindano.

Tulipofika kwenye nywele, Bi Rukia alinisogezea kichwa cha Halima. Misuko mitatu, ndivyo marehemu wa kike husukwa. Hiyo naijua. Nilisuka taratibu kuliko nilivyowahi kumsukia bibi harusi yeyote, na katikati ya msuko wa pili kitu kikatulia kifuani mwangu. Sijui nikiiteje. Sikuwa na hamu ya kucheka. Nilijua tu kwamba hapa ndipo natakiwa kuwa, na sikutaka kitu kingine chochote.

Nilipotoka, mama yake alisimama. "Ilikuwa moto?"

"Yalikuwa ya vuguvugu, mama. Niliyapima mwenyewe."

Akaishika mikono yangu, bado imelowa, akaiweka usoni pake. Akalia humo.

Mchana nikafungua saluni. Akaja mama wa bibi harusi wa Jumamosi, harusi kubwa kuliko zote nilizopewa mwaka huu. Hakukaa.

"Nimesikia unaosha maiti. Ni kweli?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema nilikwenda kutoa pole tu, naye angeamini.

"Ni kweli," nikasema.

Akatazama bakuli la hina, akasema atanipigia. Mpaka sasa hajapiga. Naye ana dada wengi, na dada zake wana mabinti. Nawaza kodi ya saluni, nawaza karo ya Shamsa. Nikifumba macho namwona Halima. Nikifumbua naona saluni tupu. Sijawahi kuogopa hivi.

Na bado ule utulivu haujaondoka. Nimeutafuta mara kadhaa jioni hii, nikidhani utakuwa umekwenda kama vile vingine. Upo.

Sasa hivi Bi Rukia ameniandikia. Kuna mama mzee huko Kola, mgonjwa sana, na familia imeanza kujiandaa. Anauliza kama anihesabu kati ya waoshaji.

Nimemjibu: nihesabu.

Kisha, kwa vile woga nao bado upo, nimeinuka nikawasha taa za nyumba nzima, mpaka ya stoo.