Thabai ya Magoti

Shiro, bado niko huku Munyaka kwa shosho, nyanya yangu, na siamini mambo ameniambia.

Ni 1971. Familia ya mumewe imehamia huku, kwa shamba walilonunua, na shosho Nyakio ni bibi arusi wa juzi. Alibeba mizizi ya thabai kutoka Murang'a, akaipanda kando ya ua. Ile mboga huwasha vibaya mpaka ipikwe. Na mama mkwe wake akiumwa na magoti anataka achapwe nayo, ndiyo dawa.

Basi Nyakio anachapa. Mama mkwe analia, na huku anasema, "Ongeza."

Jirani mpya, Nanyama, akachungulia juu ya ua. Mama mzee anachapwa na bibi ya kijana wake! Akapiga nduru, watu wakaja na majembe.

Shiro, na majembe.

Nyakio akajua leo anarudishwa kwao. Mama mkwe akawaangalia tu. "Nyinyi nendeni. Wewe msichana, bado goti la kushoto."

Wakaenda wote isipokuwa Nanyama. Akakaa chini, akapandisha leso. "Mimi ni la kulia."

Sasa shosho amenipa glavu na amenyoosha miguu.

Ngoja nifunge geti kwanza.