Vidonge Kumi na Kimoja Walivyofukua Kuku

Mpendwa Baba,

Nianze kwa kukuomba radhi, maana siri yetu nimeitoa. Nimeitoa Jumanne iliyopita, kazini, mchana kweupe, mbele ya mtu ambaye hakukujua. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu huomba msamaha kwanza, kujitetea baadaye.

Siri yenyewe unaikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Jumapili jioni, chai imekwisha, Mama yuko kwa jirani, nami nimeshika jembe nyuma ya jikoni, pale penye migomba. Wewe umechuchumaa kando yangu na kipande cha gazeti mkononi.

"Chimba kidogo tu, Kukhu," uliniambia. Hukuniita jina langu hata siku moja. Uliniita Kukhu, nyanya, kwa kuwa nilirithi jina la mama yako, na mimi nilijiona mkubwa kweli kuitwa hivyo.

Ukafungua gazeti, ukamimina shimoni vidonge kumi na kimoja vya rangi ya bluu. Tukafukia. Ukakanyaga udongo kwa gambuti, mara mbili, ukasema, "Hii maneno isitoke hapa. Hata mama yako asijue." Nikaitikia. Nimeitunza miaka yote hiyo, Baba, hata baada ya Mama mwenyewe kuijua.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, nieleze, na Mama ameniruhusu. Mama ana virusi vya Ukimwi. Alijua kliniki, akiwa na mimba ya mdogo wangu. Wewe ulikwenda ukapimwa, ukakutwa huna. Ukoo mzima pale Shianda ulingoja uondoke, na wengine walikuwa wameshakutafutia mke. Na uliondoka kweli. Ulikwenda dukani, ukanunua mkate, ukarudi, ukaomba chai. Mama husema kwamba siku hiyo alikuwa amefunga nguo zake kwenye leso, tayari kwenda kwao, na alipokuona na ule mkate akakosa la kufanya, akawasha moto.

Ndipo wakaja watafiti, wakitafuta watu kama nyinyi, mume na mke ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Walitaka kujua kama yule asiye na virusi, akimeza kidonge kila siku, atakingwa asiambukizwe. Mipira mlipewa, ushauri mlipewa, damu mlitolewa kila mara. Na mlielezwa wazi kwamba baadhi ya washiriki watapata dawa, na baadhi watapata kidonge kinachofanana nayo ambacho ndani hakina kitu, na kwamba hata anayekugawia hajui umepata kipi. Bila hivyo hawangeweza kulinganisha.

Ndugu zako walicheka sana. "Wewe unamezanga dawa ya bibi yako? Na labda hata si dawa, ni unga!" Ulikuwa unanoa panga la kukatia miwa, na hukuinua kichwa. Uliwajibu, "Hata kama ni tupu, lazima mtu ameze tupu ndiyo wengine wajue." Sikuelewa wakati ule. Baadaye, nikisomea mambo ya maabara kule chuo cha Sigalagala, mwalimu alitumia vipindi viwili kutufundisha jambo hilohilo. Nilikaa dawatini nikitabasamu peke yangu hadi akaniuliza kama ninaumwa.

Kisha akafariki mjomba wako wa Khwisero, yule aliyekulea. Ulikuwa huna njia ya kukwepa. Ulilazimika kulala matangani pamoja na wanaume wengine, kuota moto, kuzika, kisha kungoja mpaka siku ya kunyoana nywele inayofunga matanga. Siku kumi na moja. Chupa ya vidonge ukaiacha nyumbani, kwa sababu ilikuwa inalia kama kayamba kila ukijigeuza, na pale Khwisero, ambako habari zetu hazikuwa zimefika, kila mtu angeuliza ni dawa ya nini. Wangejua habari za Mama. Ulichagua kumlinda yeye dhidi ya midomo ya watu, ukaacha kujilinda mwenyewe. Leo ningekugombeza, lakini nakuelewa.

Uliporudi, tarehe ya kwenda Kakamega ilikuwa imefika. Kila mwezi ulitakiwa kurudisha chupa, na muuguzi wa utafiti alimimina vidonge vilivyobaki kwenye sahani ya plastiki akavihesabu mbele yako. Hapo ndipo ulipokosea, Baba, na lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa vizuri. Kwetu, ukiandaliwa obusuma, yaani ugali, kwa watu unamaliza. Kurudisha chakula ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hajui kupika. Kwa hiyo ulipoitazama chupa hukuona siku ulizokosa kumeza. Uliona chakula cha watu ambacho ungekirudisha kwa aibu. "Watu wametoka mbali kunipatia hii kitu," uliniambia tukienda migombani, "sasa nitarudisha aje nusu?"

Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi kuku wa Mama wakaamka kabla yetu.

Nilisikia sauti yake kwanza. Nikatoka, nikamwona amesimama uwanjani na ufagio, na mbele yake yule kuku mwekundu anakimbia na kitu cha bluu mdomoni, wenzake watatu wanamfukuza. Vingine vilikuwa vimetapakaa kwenye matope. Wewe ulisimama mlangoni na fulana yako ya ndani. Nilingoja Mama apige kelele. Hakupiga. Aliokota kimoja, akakifuta kwa kidole, akakuuliza polepole, "Kwa hivyo unataka mimi ndiyo nikuue?"

Sijawahi kukuona ukilia ila mara mbili, na hiyo ndiyo ya kwanza. Ulimweleza yote, mjomba, matanga, chupa. Mama akakusikiliza, kisha akakimbiza yule kuku hadi kwenye ua wa jirani, akamnyang'anya kidonge cha mwisho. Akavifunga vyote kwenye kitambaa, akakupa. "Peleka hivyo hivyo na matope yake. Na uende na mtoto, ndiyo usibadilishe njia."

Basi nikaenda nawe. Nakumbuka benchi refu na ukuta wa kijani, na goti lako lililokuwa likitetemeka. Ulipoitwa, uliweka kile kitambaa mezani, ukasema kila kitu kwa pumzi moja, ukamalizia, "Sasa mnaweza kunifukuza." Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua kitambaa na kuangalia ule uchafu. Alicheka aliposikia habari za kuku, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akawa makini kabisa.

"Mzee, hakuna mtu anakufukuza," alisema. "Lakini sikia. Kama ungeniletea chupa tupu, ningeandika umemeza zote. Halafu bahati mbaya upate virusi, sisi tungesema hii dawa haifanyi kazi. Dawa nzuri ingetupwa, na watu wengi wangekosa. Sisi hatutaki umalize. Tunataka ukweli. Ata ukirudisha chupa imejaa, ni sawa."

"Ata ikijaa?" uliuliza.

"Ata ikijaa. Utakuwa umenisaidia."

Akaandika kumi na moja. Akakutoa damu, tukangoja jibu, na nadhani hapo ndipo nilipojifunza kusali. Hukuwa na virusi. Tukatoka, ukaninunulia mandazi mawili, ukanisisitizia tena kwamba habari za migombani zisitoke. Hukutaka wanaume wa Shianda wajue ulishindwa na kuku.

Utafiti ulipofika mwisho, mlielezwa kwamba kidonge kinakinga kweli, kwa anayekimeza inavyotakiwa. Ukaambiwa pia kwamba wewe ulikuwa katika kundi la vile visivyo na kitu. Nilidhani utakasirika. Uliwaza kidogo, ukasema, "Kumbe tulizika unga, Kukhu," ukacheka hadi ukakohoa. Kisha ukaanza kumeza dawa yenyewe, na sikumbuki ukiiacha tena. Uliibeba hata matangani, umeizungushia pamba chupani isilie. Baadaye Mama naye akaanza dawa zake, virusi vikashuka hadi mashine haivioni, na tukaelezwa kwamba mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake. Hilo nalo lilijulikana kwa sababu kuna wanandoa wengine, mahali pengine, waliokaa kwenye mabenchi yao na kusema ukweli wao.

Ulipofariki mwaka juzi, kwa ugonjwa wa moyo, kulikuwa na watu walionong'ona palepale kaburini kwamba "ile kitu imemmaliza". Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Damu yako ilikuwa safi hadi siku ya mwisho, nami sikusema neno. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Labda ndiyo sababu Jumanne nilishindwa kunyamaza.

Unajua kazi yangu. Sasa ni mimi ninayekaa upande ule mwingine wa meza, hapa Kakamega, na sahani ya plastiki. Siku hizi kuna hata sindano ya kuchomwa mara mbili tu kwa mwaka, ungeipenda, haina kelele. Lakini vidonge vipo bado, na sisi tunahesabu bado. Akaja mwanamume mmoja, mkulima wa mahindi kutoka Lugari. Simtaji jina, na kabla hajaondoka nilimwomba ruhusa ya kuandika haya machache. Mke wake ndiye mwenye virusi. Akaweka chupa mezani akaisukuma kwangu. "Nimemaliza zote, dada."

Chupa ilikuwa tupu, safi, kama iliyooshwa. Nikatazama tarehe. Alikuwa amekuja siku nne kabla ya siku yake. Vilipaswa kubaki vinne, hata kwa mtu ambaye hakuruka siku hata moja. Nikamtazama, na goti lake chini ya meza lilikuwa linatetemeka.

Kuna maneno tuliyofundishwa kusema wakati kama huo, mazuri, ya upole. Nilifungua mdomo niyaseme, yakatoka mengine. Nilimwambia, "Baba yangu alizika zake. Kuku wakafukua."

Alinikodolea macho. Nikamsimulia yote, kuanzia jembe hadi yule kuku mwekundu, kitambaa, na maneno ya muuguzi. Nilimwambia vilikuwa unga mtupu na bado ilifaa wewe kusema ukweli. Alicheka kidogo pale kwenye kuku, kama kila mtu angecheka, kisha akaangalia kofia yake.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama nilichofanya, nikamwambia nataka kukuandikia mbele ya watu. Alikuwa anachambua mboga za kunde. Akasema, "Andika. Lakini uandike vizuri, ni ingokho zangu, kuku zangu, ndiyo ziligundua." Nimeandika. "Na uandike pia," akasema, "kwamba yule mwekundu sikuwahi kumchinja, alikufa kwa uzee wake."

Asante, Baba, kwa mkate ule. Asante kwa kumeza unga miezi yote hiyo ukichekwa, ili watu usiowajua waje wapewe dawa. Asante kwa kunichukua siku ile nikaona mtu mzima, tena baba yangu, akisema "nilikosea" na dunia isianguke. Kazi yangu yote imesimama hapo.

Yule mwanamume, akiwa bado na kofia yake mkononi, aliniuliza swali moja tu. "Na baba yako, walimfukuza?"

"Hapana," nikamwambia. "Alimeza mpaka mwisho."

Akavuta pumzi. Akairudisha chupa kwake, akaitazama ndani kana kwamba labda kimebaki kimoja, akaiweka chini.

"Basi andika tisa," alisema. "Nilitupa tisa kwa choo."

Nikaandika tisa.

Lala vyema, Baba.

Ni mimi, Kukhu wako, uliyenishikisha jembe.